Kusoma Ndiyo Kufuli ya Simu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Urambo. Limechapwa kama lilivyosomwa, ili waliolisikia waweze kulisoma tena polepole.

KWA MWALIMU WA DARASA. Kabla ya kipindi, andika maneno haya ubaoni: laini, salio, namba ya siri, tapeli, mnara, mkongo, ruhusa, ruta, waifai. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Palipoandikwa (Kimya) ndipo msomaji wa redio aliponyamaza ili darasa lijibu.

SOMO LINAANZA

Tunawasalimu wote mliokusanyika leo Urambo mjini, Usoke, Songambele, Vumilia, na kila mahali palipo na darasa. Wiki iliyopita tulisoma namna ya kuandika barua fupi. Leo tutajifunza juu ya siri za simu, na juu ya mtandao wa nyumbani.

Huenda mmoja wenu atauliza, "Mimi nimekuja kujifunza kusoma na kuandika. Mambo ya siri za simu yanihusu nini?" Swali hilo ni zuri. Jibu lake ni hili. Mtu asiyejua kusoma aweza kuwa na simu, lakini siri za simu hiyo zimo mikononi mwa watu wengine. Ujumbe ukiingia, humwita mjukuu amsomee. Akitaka kutoa pesa, humpa wakala simu yake na kumtajia namba ya siri. Simu ikiishiwa moto, huiacha dukani kwa mwenye kuchaji tangu asubuhi mpaka jioni. Wengi wa watu hao ni waaminifu. Lakini siri inayojulikana kwa watu watatu si siri tena. Wazee walisema, siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kila anayechota katika mtungi wako anajua kilichomo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kusoma ndiyo kufuli ya kwanza ya simu. Kufuli nyingine zote tutakazozitaja leo zinaifuata hiyo.

NJIA YA HABARI, ZAMANI NA LEO

Sisi wa upande huu wa Tabora twaijua vizuri habari ya njia. Zamani misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe penye Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walibeba nguo, shanga na pembe, na pamoja na mizigo hiyo walibeba barua. Mwaka 1857 wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walitembea siku 134 kutoka pwani mpaka Tabora. Barua nayo ilikwenda kwa mwendo huohuo wa miguu.

Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mtemi Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Tabora. Njia ya Ujiji ikafungwa. Wakati huo mfuko wa barua za Daktari Livingstone ulikuwa umekwama Unyanyembe. Juu yake iliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Stanley aliuchukua, akazunguka kwa njia ya kusini, akaufikisha Ujiji karibu na mwisho wa mwaka 1871. Barua hizo zilichukua mwaka mzima kumfikia mwenyewe.

Hapo twajifunza mambo matatu. Kwanza, habari haisafiri peke yake, bali inabebwa. Pili, anayeishika njia aweza kuizuia habari. Tatu, barua isiyofungwa yaweza kusomwa na kila mikono inayopitia. Tena mtu asiyejua kuandika alitafuta mwandishi, na mwandishi yule akayajua mambo yake yote.

Je, leo mambo yamekuwa mengine? Mwendo ndio umebadilika. Ukituma ujumbe kutoka Urambo kwenda kwa ndugu yako Dar es Salaam, simu yako huupeleka kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye mnara wa kampuni ya simu. Kutoka mnarani hupelekwa kwenye mitambo ya kampuni. Safari ndefu hupita katika mkongo. Mkongo ni waya mkubwa wenye nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na habari hupita ndani yake kama mwanga unaowaka na kuzimika upesi sana. Mkongo wa Taifa unapita Tabora pia. Mwaka 2009 mkongo wa baharini uitwao SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata mwingine uitwao EASSy. Kwa mikongo hiyo nchi yetu imeungana na dunia. Mwanga huo hutoka Tabora ukafika pwani kabla hujapepesa jicho.

Lakini habari bado inabebwa. Bado inapita mikononi mwa wengine. Na bado yafaa kuifunga.

LAINI NI JINA LAKO

Sasa tushike simu zetu. Ndani ya simu mna kipande kidogo kiitwacho laini. Laini ndiyo inayoueleza mnara kuwa huyu ni fulani. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019. Mwisho wa laini zisizosajiliwa hivyo ulikuwa tarehe 20 Januari 2020, na baada ya hapo zilianza kufungwa.

Maana yake nini? Maana yake laini iliyosajiliwa kwa kidole chako ni jina lako. Mtu akiitumia kufanya uhalifu, polisi watakuja kwako kwanza. Kwa hiyo, ukienda kusajili laini barabarani, na kijana wa usajili akakuambia, "Mama, weka kidole tena, mara ya kwanza hakikusoma," mwulize sababu. Wako watu walioweka kidole mara mbili au tatu, na nyuma yao zikasajiliwa laini wasizozijua.

Kuna njia ya kujikagua. Bonyeza nyota, moja, sifuri, sita, reli. Mwalimu aandike ubaoni: *106#. Fuata maelezo yatakayotokea, nawe utaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni ile ukaikatae. Hiyo ni kazi ya kusoma, ndugu zangu. Ni mistari michache tu, lakini lazima uisome mwenyewe.

Tena, usiitupe laini ya zamani ovyo. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni yaweza kumpa mtu mwingine namba ile. Kama benki au chama chako bado wanaijua kama namba yako, habari zako zitakwenda kwa mtu huyo. Ukibadili namba, wape habari wote wanaohusika.

SIRI TATU

Kila mwenye simu ana siri tatu.

Siri ya kwanza ni namba ya siri ya pesa. Hii ndiyo ufunguo wa sanduku. Wakala haihitaji. Wakala anahitaji namba yako ya simu na kiasi cha pesa, na wewe utamwonyesha kitambulisho akikitaka. Namba ya siri unaibonyeza mwenyewe, kwa mkono wako, na mkono wa pili umekinga. Mfanyakazi wa kampuni haihitaji. Afisa wa benki haihitaji. Hakuna mtu wa haki atakayekuuliza namba hiyo. Wala usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, maana mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho chako na jirani zako wanaujua.

Siri ya pili ni namba ya kuthibitisha. Hizi ni tarakimu chache zinazoletwa na ujumbe, mara nyingi sita, unapofungua huduma mpya katika simu. Ukizipokea bila kuomba kitu, jua kwamba mtu mahali fulani anajaribu kuingia kwa jina lako. Akikupigia na kusema, "Nisomee hizo tarakimu," usimsomee. Ukimsomea umemfungulia mlango.

Siri ya tatu ni kufuli ya simu yenyewe, yaani tarakimu au alama ya kidole inayofungua kioo. Hata simu ya vitufe, ile tunayoiita kitochi, ina kufuli. Iweke kabla ya kuipeleka dukani kuchaji. Simu yaweza kuingia moto huku imefungwa. Mwenye duka hahitaji kuifungua.

MAZUNGUMZO

Haya, sasa tusikilize mazungumzo mafupi. Ni wakati wa masoko ya tumbaku. Wakulima wengi wa Urambo wamelipwa, na matapeli wanajua. Mama mmoja yuko nyumbani. Asubuhi alitazama salio lake, likawa shilingi 46,500. Mara simu inalia kwa ujumbe. Ujumbe unasema hivi: "Umepokea TSh 80,000. Salio lako jipya ni TSh 212,300." Baada ya dakika moja, simu inaita.

TAPELI: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Hujambo?

TAPELI: Sijambo, mama yangu, ila nina taabu. Nimetuma shilingi elfu themanini za matibabu ya mtoto, nikakosea tarakimu moja, zimeingia kwako. Nakuomba mama, kwa huruma yako, nirudishie sasa hivi. Mtoto yuko hospitali.

MAMA: Pole sana. Ngoja nitazame.

TAPELI: Mama, usikate simu! Muda unakwisha. Bonyeza tu nitakavyokuelekeza.

MAMA: Mwanangu, haraka ya nini? Kama pesa imeingia, haitakimbia. Nitasoma kwanza.

(Mama anakata simu. Anafungua orodha ya huduma za pesa mwenyewe, anatazama salio.)

MAMA: Shilingi elfu arobaini na sita na mia tano. Ni ileile ya asubuhi!

Sasa, ndugu wanafunzi, chukueni kalamu. Mama alikuwa na shilingi 46,500. Kama kweli angepokea 80,000, salio lake lingekuwa kiasi gani? (Kimya.)

Jibu ni shilingi 126,500. Lakini ujumbe ulisema 212,300. Kwa nini hesabu haikukubali? Kwa sababu tapeli hajui salio la mama. Hawezi kulijua. Kwa hiyo alibahatisha. Yule anayelijua salio lako ni kampuni na wewe mwenyewe. Basi mtu anayejua kujumlisha anaweza kumkamata tapeli kwa penseli tu.

Tutazame sasa alama nyingine za tapeli huyu. Alianza kwa heshima, akasema shikamoo. Salamu nzuri si hati ya uaminifu. Akaleta habari ya mtoto mgonjwa ili moyo uumie. Akaleta haraka ili akili isifanye kazi. Akakataza simu isikatwe ili mama asipate nafasi ya kutazama wala kumwuliza mtu. Huruma, haraka, na kukataza usiulize: ukiyaona haya matatu pamoja, kata simu.

Je, kama kweli mtu amekosea na pesa imeingia? Usirudishe mwenyewe. Mwambie apige namba 100, ambayo ni huduma kwa wateja, na kampuni itaichunguza na kuirudisha. Nawe usiitumie pesa hiyo, maana si yako. Kwa njia hiyo hakuna atakayedhulumiwa.

Kuna ujumbe mwingine mnaoujua wengi. Unasema, "Ile hela itume kwenye namba hii." Ujumbe huu hupelekwa kwa watu wengi kwa pamoja. Tapeli hajui unadaiwa na nani. Lakini katika watu elfu moja hawakosi wachache ambao siku ileile wameahidi kutuma pesa: ada ya shule, kodi ya chumba, deni la dukani. Hao hudhani ujumbe umetoka kwa yule wanayemjua. Dawa yake ni ndogo. Mpigie mwenye pesa kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti yake. Kisha, unapotuma, soma jina linalotokea kabla ya kubonyeza namba ya siri. Jina lisilo lake, usitume.

Wengine watasema mambo haya ni madogo. Si madogo. Mkulima wa tumbaku huchukua mbolea kwa mkopo, hulima, huvuna, hukausha kwenye bani, hufunga mitumba, na mwisho hukatwa deni. Kile kinachobaki ndicho ada ya watoto na bati za nyumba. Kazi ya mwaka mzima yaweza kupotea kwa dakika tatu za kuzungumza na mtu usiyemjua.

SIMU JANJA NA RUHUSA

Sasa tuje kwenye simu janja, yaani simu ya kioo. Ndani yake huwekwa programu. Programu ni kama kibarua unayemwajiri afanye kazi fulani. Kabla hajaanza, ataomba ruhusa. "Naomba kuona majina na namba za watu wako." "Naomba kuona picha zako." "Naomba kujua mahali ulipo." Watu wengi hubonyeza "Kubali" bila kusoma. Lakini jiulize: kibarua uliyemwajiri kupalilia shamba, je, anahitaji ufunguo wa chumba cha kulala?

Chukueni mfano wa programu za kukopesha pesa. Baadhi yake ziliomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyomo katika simu. Mkopaji alipochelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha ulipelekwa kwa wakwe zake, kwa mwajiri wake, na kwa watu ambao hawakukopa hata senti moja. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, ikawaonya wananchi wasiyatumie. Oneni basi: ruhusa moja iliyotolewa bila kusoma iliharibu heshima ya nyumba nzima. Tena namba zile hazikuwa mali ya mkopaji peke yake. Zilikuwa za ndugu na rafiki waliomwamini.

Ruhusa yaweza kuondolewa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta jina la programu, tazama ulichoiruhusu, na ufunge kisichohitajika. Programu usiyoitumia, ifute. Kama simu imeandika kwa Kiingereza, waweza kuchagua Kiswahili katika mipangilio hiyohiyo, mahali pa lugha. Simu nyingi za siku hizi zina Kiswahili.

MTANDAO WA NYUMBANI

Siku hizi wako watu wa Urambo mjini, wenye maduka, nyumba za wageni, na hata walimu, ambao wameweka ruta. Ruta ni kisanduku kidogo chenye taa ndogo ndogo. Kwa upande mmoja huunganishwa na intaneti, ama kwa laini iliyo ndani yake, ama kwa waya. Kwa upande wa pili hugawa intaneti hiyo ndani ya nyumba kwa mawimbi yaitwayo waifai. Simu ya baba, simu ya mama na kompyuta ya kijana hutumia kisanduku kimoja.

Mfikirieni mwenye boma. Boma lina lango moja. Wote wa ndani hutoka na kuingia kwa lango hilo. Ruta ndiyo lango. Mlinzi akilala, kila mtu ataingia.

Mawimbi ya waifai hayajui ukuta wa tofali wala mipaka ya kiwanja. Hupita mpaka kwa jirani na mpaka barabarani. Kwa hiyo ruta hupewa neno la siri. Bila neno hilo mpita njia aweza kukaa chini ya mwembe wako na kulimaliza bando lako. Tena akifanya uovu katika intaneti, utaonekana umetoka nyumbani kwako.

Shikeni mambo manne juu ya ruta.

La kwanza, kisanduku kikitoka kiwandani kina neno la siri lililoandikwa kwenye karatasi nyuma yake. Yeyote aliyekishika aweza kulisoma. Libadilini.

La pili, ruta ina maneno ya siri mawili. Moja ni la kuingia katika waifai. La pili ni la kuifungua ruta yenyewe na kubadili mipangilio yake. Watu wengi hubadili la kwanza na kulisahau la pili. Hiyo ni sawa na kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi. Yabadilini yote mawili, na yasifanane.

La tatu, neno refu ni bora kuliko neno gumu. Chukua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe, kwa mfano: nyuki, kijiko, mninga, treni. Ni rahisi kukumbuka, na ni vigumu kubahatisha. Lakini msitumie hayo niliyoyataja, maana sasa yamesikika redioni! Na ruta ikikuuliza aina ya kufuli, chagua WPA2 au WPA3.

La nne, wageni. Ruta nyingi zaweza kuwa na mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, kama vile nyumba inavyokuwa na sebule. Mgeni akaribishwe sebuleni, si stoo.

Wengi wetu hatuna ruta. Lakini simu janja yaweza kufanya kazi ya ruta kwa muda, ikawagawia wengine bando lake. Watu huiita hotspoti. Hapo pia weka neno la siri, na uzime ukimaliza.

Na ukiwa mgeni wewe, katika waifai ya hoteli au ya stendi? Hapo lango ni la mtu mwingine. Kurasa nyingi siku hizi huwa zimefungwa kwa fumbo, kama barua yenye lakiri, hivyo mwenye lango hawezi kusoma maneno yaliyomo. Lakini aweza kujua unakwenda kwenye tovuti gani, kama mtu asomaye anwani juu ya bahasha. Kwa hiyo mambo ya pesa yafanye kwa bando lako mwenyewe. Na ile huduma ya pesa ya kubonyeza nyota na reli haipiti katika waifai hata kidogo. Hiyo huenda mnarani moja kwa moja.

SHERIA NA MAHALI PA KUPELEKA HABARI

Usiri wa habari zako ni haki yako, na sheria inaujua. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya habari zako, awe kampuni, shule au ofisi, azikusanye kwa sababu inayojulikana, azitumie kwa sababu hiyo, na azilinde. Unayo haki ya kujua ana habari gani juu yako, na kutaka zisahihishwe kama si sahihi. Iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Kabla ya hapo, mwaka 2015, ilitungwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, inayowahusu matapeli.

Ukipata ujumbe wa kitapeli, usiufute. Utume kwenda namba 15040, kisha fuata maelezo utakayopewa. Namba hiyo imewekwa kwa kazi hiyo na Mamlaka ya Mawasiliano.

Kama umekwisha kutuma pesa, usikae ukilia. Piga 100 mara moja ili pesa izuiliwe kabla haijatolewa. Badili namba ya siri. Nenda polisi ukatoe habari. Na jambo moja zaidi: usione haya. Wametapeliwa walimu, wafanyabiashara na watu wenye elimu kubwa. Anayeficha humsaidia tapeli. Anayesema huwaokoa jirani zake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Zamani barua ilipita mikono gani kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji? Leo ujumbe wa simu unapita wapi?
2. Wakala anahitaji kujua nini ili akuhudumie? Nini hana haja ya kujua?
3. Bibi ana salio la shilingi 18,200. Ujumbe unasema amepokea shilingi 35,000, na salio jipya ni shilingi 97,000. Je, ujumbe ni wa kweli? Onyesha hesabu yako.
4. Taja dalili tatu za tapeli katika mazungumzo tuliyoyasikia.
5. Je, ni haki kumpa mkopeshaji namba za ndugu zako bila kuwauliza? Kila mtu atoe sababu.

KAZI YA WIKI HII

Kila mwanafunzi abonyeze *106# na asome mwenyewe majibu, bila kusomewa. Aandike kwenye daftari idadi ya laini alizozikuta. Asiandike namba yake ya siri kwenye daftari! Kisha abadili namba ya siri kama mtu mwingine anaijua, hata kama mtu huyo ni mjukuu mpendwa. Kufanya hivyo si kumdharau mjukuu. Ni kumwondolea mzigo, ili siku pesa ikipungua asinyoshewe kidole.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutasoma stakabadhi ya chama cha ushirika: uzito, daraja, bei, na makato. Leteni stakabadhi za zamani kama mnazo. Mpaka hapo, kwaherini.